Nyundo za Karatasi za Bartolomeo Cristofori

Katika Makumbusho ya Ala za Muziki ya Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, ipo piano iliyotengenezwa Florence mwaka 1726. Aliyezoea piano za leo anaweza kuipita asijue ni nini. Umbo lake ni jembamba, haina kanyagio wala fremu ya chuma, na vibao vyake vya kubonyeza ni 49 tu, si 88. Fundi wake ni Bartolomeo Cristofori, mzaliwa wa Padua, mwaka 1655, na ndiye aliyeibuni piano. Duniani zimebaki piano zake tatu: ya 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma, na ya tatu ndiyo hii.

Ili kuona alichokifanya, inafaa kwanza kutazama ala zilizomtangulia, na makumbusho hayo hayo yanazo. Ipo hapsikodi, ambayo kila kibao chake kikibonyezwa huinua kijiti kilichochomekwa kipande cha shina la unyoya, mara nyingi wa kunguru. Kipande hicho hukwanyua waya na kuuachia. Wanaoijua ganuni ya taarab wataielewa mara moja, isipokuwa mpiga ganuni huvaa vikwanyuzi vyake vidoleni, naye huamua mwenyewe akwanyue kwa nguvu au kwa upole. Kwenye hapsikodi kidole kiko mbali na waya. Bonyeza taratibu, bonyeza kwa nguvu, sauti ni karibu ile ile.

Ipo pia klavikodi ya mwaka 1543, kazi ya Domenico wa Pesaro, ambayo ndiyo klavikodi ya zamani kuliko zote zenye tarehe zilizosalia. Hapa hakuna kukwanyua. Mwisho wa kila kibao kimesimamishwa kibati chembamba cha shaba ambacho hupanda, hugusa waya na kubaki hapo mpaka kidole kitoke. Kwa hiyo mpigaji anaweza kukuza sauti, kuipunguza, hata kuitetemesha kwa ncha ya kidole. Ila sauti yenyewe ni ndogo mno. Wakizungumza watu wawili chumbani, imekwisha.

Mwaka 1688 Cristofori aliajiriwa na mwanamfalme Ferdinando de' Medici wa Florence, atunze ala za jumba lake na kutengeneza mpya. Alikuwa tayari fundi asiyeridhika na maumbo ya kawaida. Leipzig kuna spineti yake, yaani hapsikodi ndogo, ya 1693 yenye umbo la yai, vibao vikiwa katikati ya ubavu mrefu. Kufikia mwaka 1700, orodha ya mali za jumba hilo ilitaja ala yake mpya yenye uwezo wa kutoa sauti ndogo na kubwa. Katika ala hiyo alikuwa ameacha kukwanyua, akaamua kugonga.

Kugonga waya kwa nyundo kunasikika jambo jepesi hadi ujaribu kulitengeneza. Ukiifunga nyundo kwenye kibao, itagonga na kubaki imeukandamiza waya, na sauti itakufa pale pale. Basi nyundo lazima irushwe, itengane na kidole kabla haijafika, igonge yenyewe na kurudi. Lakini kibao hushuka milimita chache tu, na mwendo huo mdogo hautoshi kuirusha nyundo kwa kasi. Isitoshe, nyundo ikirudi kwa nguvu hudunda na kugonga mara ya pili bila kutakiwa. Na kidole kikishatoka, waya usipozimwa utaendelea kulia juu ya noti inayofuata. Kila moja ya shida hizi Cristofori aliipa kipande chake cha mti, na vyote akavipanga vifanye kazi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Tufuate kibao kimoja. Kidole kinakibonyeza mbele, na upande wa nyuma unapanda kama ubao wowote uliowekwa juu ya egemeo. Juu ya upande huo wa nyuma kimesimama kijiti kifupi chenye uwezo wa kuyumba. Kinapopanda, kijiti kinasukuma wenzo mwembamba uliolala juu yake, nao wenzo unaisukuma nyundo. Angalia unapoisukuma: si kichwani, ni karibu kabisa na bawaba ya mpini wake. Kusukuma kidogo pale kunakifanya kichwa, kilicho mwisho wa mpini, kipite njia ndefu kwa muda ule ule. Hivyo mwendo wa polepole wa kidole unageuka kuwa kasi, na kidole kikiongeza nguvu kidogo tu, kasi ya nyundo inaongezeka.

Nyundo inapokaribia waya, ncha ya kijiti inateleza na kutoka chini ya wenzo. Hapo ndipo ulipo ubunifu wote, na sijui kama kuna fundi wa mbao aliyewahi kufanya jambo kubwa kwa kipande kidogo hivyo. Kwa sehemu ya mwisho ya safari nyundo haishikwi na kitu. Inagonga, inaanguka, na chini inapokewa na kizuizi kilichovikwa ngozi kinachoidaka isidunde. Wakati huo huo kipande cha kuzima sauti, ambacho hukaa juu ya waya, kimekwisha kuinuliwa na ncha ya kibao. Kidole kikitoka, kipande hicho kinashuka na kunyamazisha waya, springi inakirudisha kijiti chini ya wenzo, na kibao kiko tayari tena.

Kila mahali mti unapokutana na mti, fundi alifikiria kelele. Ngozi laini imetumika kuvika sehemu zinazogusana, maana mtambo ukilia tak-tak utaishinda sauti ndogo uliyokusudiwa kuileta.

Kisha vichwa vya nyundo. Ni vya karatasi. Cristofori alichukua ukanda wa karatasi, akaupaka gundi na kuuzungusha tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa pete ngumu yenye uwazi katikati, kisha juu yake, pale panapogusa waya, akabandika kipande cha ngozi. Gundi ya enzi hizo ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Hupakwa ikiwa moto na huanza kuganda mara inapopoa, kwa hiyo mkono unatakiwa uzungushe ukanda bila kusita, tabaka lisiteleze wala kuacha hewa. Pete inayotoka ni nyepesi, na kwa kuwa ni nyepesi inaweza kurushwa kwa kasi. Ina uimara wa kugonga na unyumbufu kidogo wa kuachia. Kichwa cha mti mtupu kingetoa sauti kavu. Na pete moja haitoshi. Zinatakiwa 49, kila moja ilingane na jirani zake kwa ukubwa na uzito, la sivyo mpigaji atakuta noti moja nzito na nyingine nyepesi chini ya vidole vile vile. Uvumilivu wa fundi huyu unaonekana zaidi katika pete hizo kuliko katika pambo lolote, na mapambo yenyewe ni machache.

Sanduku nalo lilitaka fikra mpya. Nyundo hugonga kutoka chini, na pigo kali linaweza kuutupa waya kutoka kwenye kiegemeo chake. Cristofori aliugeuza ubao wa pini chini juu: pini za kukazia nyuzi zinaupenya ubao mzima, na waya unafungwa upande wa chini, hivyo pigo la nyundo linazidi kuukandamiza waya mahali pake. Ndani ya ukuta wa nje uliopinda aliweka ukuta wa pili, unaobeba ubao wa sauti wa mti wa saipresi. Ukuta wa nje ndio unaovumilia mvuto wa nyuzi zote. Ubao wa sauti umeachwa huru utetemeke. Kila noti ina nyuzi mbili, na mpigaji anaweza kuusogeza mtambo kando kwa mkono ili nyundo igonge waya mmoja tu. Katika piano kubwa za leo kazi hiyo hufanywa na kanyagio la kushoto.

Mwandishi Scipione Maffei aliieleza ala hii kwa mchoro mwaka 1711, na mwaka 1732 Lodovico Giustini alichapisha sonata za kwanza zilizoandikwa mahsusi kwa piano. Hata hivyo haikupendwa upesi. Malkia María Bárbara wa Hispania alikuwa na piano kutoka Florence, na baadhi ziligeuzwa kuwa hapsikodi. Cristofori hakuwa na shaka na kazi yake: kwenye piano ya 1720 alijiandika kwa Kilatini kuwa yeye ndiye mvumbuzi.

Piano ya 1726 ilifika Leipzig pamoja na mkusanyiko wa Wilhelm Heyer wa Köln, ulionunuliwa mwaka 1926. Henri Hinrichsen, mmiliki wa kampuni ya kuchapisha muziki ya C. F. Peters, alichangia mark 200,000 ili ununuzi huo uwezekane. Alikuwa Myahudi, na Wanazi walimuua Auschwitz mwaka 1942. Mwaka uliofuata mabomu yaliliharibu jengo la makumbusho na sehemu ya mkusanyiko ikapotea. Piano hii ilinusurika.

Tangu enzi za Cristofori fremu ya piano imekuwa ya chuma, vichwa vya nyundo vimekuwa vya sufu iliyoshindiliwa, na nyuzi zimeongezeka unene. Lakini kijiti kinachosukuma na kuteleza, wenzo wa kati, kizuizi kinachodaka na kipande cha kuzima sauti vimo katika kila piano kubwa inayotengenezwa leo. Fundi akija kuitengeneza piano ya kanisani au ya shuleni kwenu, mwombe akuoneshe mtambo kabla hajaufunika. Bonyeza kibao kimoja polepole, na uangalie ni wapi hasa nyundo inaachiwa.