Uchumba wa Kuigiza Husimama kwa Deni

Hadithi ya wanamichezo wawili wanaojifanya wapenzi ina mwisho ambao msomaji anaujua tangu ukurasa wa kwanza: uongo utageuka kweli. Kwa hiyo swali la ufundi si kama watapendana, bali ni nini kinachowazuia kuachana mapema. Jibu ni deni. Uongo wao husimama pale tu mtu mwingine anapokuwa ameulipia. Suzanne Collins alilijenga hilo vizuri katika The Hunger Games (2008). Katniss na Peeta wanashindana katika uwanja ambao anayeshindwa hufa, na mapenzi yao yanaonyeshwa mbele ya kamera. Katniss anambusu Peeta aliyejeruhiwa, na papo hapo wanashushiwa chungu cha mchuzi kutoka kwa wadhamini. Busu limenunua chakula. Tangu hapo kila tendo la huba lina bei, hata Katniss mwenyewe hajui tena anachohisi ni kipi na anachouza ni kipi. Mwishoni, wanapotishia kula matunda ya sumu pamoja, waandaaji wanasalimu amri. Hadithi ya wapendanao imekwisha kuuzwa kwa umma, na muuzaji hawezi kuichana hadharani.

Tuuhamishie mtambo huo Mwanza. Tubuni winga wa Pamba Jiji, timu iliyorejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25, na beki wa timu ya wanawake ya Alliance Girls. Mwandishi mvivu atawapa kiki: picha ya pamoja jukwaani CCM Kirumba, wafuasi wanaongezeka, mdhamini anapiga simu. Hiyo haitoshi, kwa kuwa kiki ikifichuka watu hucheka siku mbili na kuhamia nyingine. Deni la kweli liko nyumbani. Usukumani uchumba una wenyewe: wazazi, washenga na ng'ombe wa mahari. Siku baba wa binti anapokubali posa, uongo wa watu wawili umekuwa mali ya koo mbili, na kuuvunja ni kurudisha ng'ombe na kuwatia wazee aibu. Euphrase Kezilahabi aliuonyesha uzito huo katika Rosa Mistika (1971), riwaya inayoanzia kisiwani Ukerewe. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua tu ya mvulana. Ikiwa barua moja ilitosha kuitikisa nyumba, picha inayosambaa kwenye simu kutoka Kirumba hadi Nansio kisiwani humo haiwezi kuwa siri ya wawili.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba vijana wa leo hawaishi chini ya fimbo ya Zakaria. Ni kweli, na mchezaji mwenye mshahara wake anaweza kumjibu baba. Lakini fimbo ikiondoka, heshima haiondoki nayo: binti asiyeogopa kipigo bado anaweza kushindwa kumtazama mama aliyekwisha kuwatangazia majirani uchumba huo. Hofu imegeuka haya, na haya humfaa zaidi mtunzi wa mapenzi, maana huwafanya wahusika waendelee kudanganya kwa upole badala ya woga. La pili ni kwamba mahari na washenga vitaifanya hadithi tamu kuwa nzito. Kinyume chake, humo ndimo mna vichekesho vyake: mshenga anayesifu penzi lisilokuwepo, winga anayehojiwa na wajomba kuhusu mechi aliyofungwa, beki anayelazimika kumtetea na kushtuka kwamba anamaanisha anachosema. Uzito na kicheko vinatoka chanzo kimoja.

Basi mtunzi anayetaka kuandika kisa hiki kando ya Ziwa Victoria asianze na busu wala picha ya uwanjani. Aamue kwanza nani atapata hasara uongo ukivunjika, na amfanye msomaji ampende mtu huyo. Bila yeye, wachezaji hao wawili wana kila sababu ya kuagana sura ya tatu.