Rutuba ya Maji na Virutubishi vya Chakula

Katika maandishi ya kilimo cha mwani yanayofasiriwa kwa Kiswahili, neno moja, "virutubisho", limetwishwa mizigo miwili. Mara laonyesha naitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka majini, ambazo mmea huzifyonza ili ukue. Mara laonyesha protini, wanga na madini ambayo mlaji huyapata katika mmea huo huo. Ndipo huzaliwa sentensi za namna ya "virutubisho vikizidi, virutubisho hubadilika", ambazo mwalimu hawezi kuzifundisha wala mtumishi wa Serikali kuzitolea maagizo.

Jambo lenyewe si gumu. Mwani wa spinosamu na kotonii, uliolimwa kibiashara Paje na Jambiani, Unguja, tangu 1989, hauna mizizi ya kunyonya ardhini. Chakula chake hukipata katika maji yanayoupitia. Naitrojeni ikiwa tele, aghalabu protini huongezeka. Ikipungua ilhali jua linawaka, mmea huendelea kutengeneza sukari ila hukosa cha kujengea protini. Basi hulimbikiza wanga na karajinani, ile gundi inayotafutwa na wanunuzi. Maji yanayomfaa mwuza gundi, kwa hiyo, si lazima yamfae anayetaka kuutia mwani katika chakula. Hapana budi msomaji ajue ni "kirutubisho" kipi kinachosemwa.

Hapa Pasiansi, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mwani huo haulimwi, maana hauishi katika maji baridi. Hata hivyo kosa hilo latudhuru sisi zaidi. Mvuvi akisoma kwamba mito na mitaro inaingiza virutubisho vingi ziwani, atashukuru. Kumbe zinazosemwa ni mbolea na maji machafu, vinavyostawisha gugumaji na ule utando wa kijani ambao pengine huwa na sumu isiyoondoka hata maji yakichemshwa. Onyo limegeuzwa kuwa sifa.

Napendekeza "rutuba ya maji" kwa kilichoyeyuka majini, na "virutubishi" kiachiwe chakula peke yake. Rutuba kwa asili yake ya Kiarabu ni unyevu. Lugha yetu iliipeleka kwenye udongo, wala sioni kwa nini isirudi majini. Atakayesema kwamba rutuba nayo ni neno la sifa ana haki. Lakini mkulima anafahamu kwamba samadi mbichi ikizidi huunguza miche, hivyo "rutuba iliyozidi" itamshtua; "protini iliyozidi" haitamshtua.

Liko pia neno "majivu" katika majedwali ya lishe. Maana yake ni madini yanayobaki baada ya sampuli kuchomwa, chumvi ya bahari ikiwamo. Bali msomaji hudhani mwani umechafuka jikoni. "Jumla ya madini" ingetosha. Na asilimia ya protini isiandikwe bila kutaja kama ni ya mwani mbichi au mkavu, kwani sehemu kubwa ya mwani mbichi ni maji.