Kinu cha Baba Yaga

Msomaji wa Kiswahili akikutana na Baba Yaga kwa mara ya kwanza hujikwaa kwenye jina. Huyu baba ni bibi: ndivyo Warusi wanavyomwita mwanamke mzee. Ni kikongwe mla watu, makao yake kibanda chenye miguu ya kuku, na akitaka kusafiri hupanda kinu, akakisukuma kwa mchi huku akifuta nyayo zake kwa ufagio.

Nilipowasimulia watoto wa Galbet, mjini Garissa, kisa hicho, jioni moja stima imepotea, hakuna aliyeshangaa kibanda kutembea. Aqal ya Kisomali nayo husafiri: fito zilizopindwa na mikeka hufungwa mgongoni mwa ngamia, jioni nyumba ikasimama kwingine. Kilichowatoa macho ni kinu. Msichana mmoja alikigeukia cha ayeeyo, yaani bibi yake, kimesimama kando ya jiko, mdomo umelika upande mmoja kwa kutwangiwa, akauvuta mguu wake taratibu.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia wasimulizi. Hawakwenda kutafuta zimwi mbali. Walichukua chombo cha jikoni wakakitia hofu. Ayeeyo wa Kisomali hufanya vivyo hivyo na Dhegdheer, mla watu mwenye sikio refu. Sikio tu! Lakini kwenye nyika tambarare, ambako usiku kengele ya ngamia husikika kabla ngamia hajaonekana, sikio linatisha kuliko meno. Msimulizi hodari akilitaja hushusha sauti, kana kwamba naye anajificha, na watoto huacha kutafuna.

Ngano za Warusi alizikusanya Aleksandr Afanasyev, akazichapisha kati ya 1855 na 1863, na waandishi wanazichota hadi leo. Katherine Arden, Mmarekani aliyewahi kusoma Moscow, alitoa The Bear and the Nightingale mwaka 2017. Riwaya inafunguka kwa yaya mzee kando ya tanuri, akisimulia habari za Morozko, bwana wa baridi kali. Nimesoma riwaya za majoka na mapanga zisizo na hata harufu ya moshi wa jikoni, hii inayo. Kule baridi huua, basi ikapewa uso. Kwetu muuaji ni ukame, na Dhegdheer akifa, mvua hunyesha.

“Na huyo wa kinu akifa?” aliuliza msichana.

Nilikwama. Ayeeyo akadakia: “Baridi inaondoka, nini tena?” Kisha akamwambia mjukuu wake amsogezee kinu, atwange iliki ya chai. Mtoto hakunyanyuka.