Mkataba wa 1900: Hati ya Ndimi Mbili na Wasomaji wa Kisenyi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeifundisha miaka mingi kana kwamba yamhusu mwenye duka peke yake. Katika Kisenyi, mtaa ulio bondeni chini ya kilima cha Mengo mjini Kampala, ina uzito zaidi. Kati ya vinu vya mahindi na karakana za vyuma wanaishi watu wa makabila mengi, katika nchi ambayo milki zake za mailo zilianzia katika hati moja: Mkataba wa Buganda, uliotiwa sahihi hapo Mengo tarehe 10 Machi 1900. Hati hiyo hutajwa sana na husomwa kidogo. Tahakiki hii yakusudia kuuliza ilisema nini, kwa lugha gani, na ilimnyamazia nani.

Kwa upande wa Uingereza alikuwapo Sir Harry Johnston. Kwa upande wa Buganda walikuwapo Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri, walioshika hatamu za utawala kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, aliyezaliwa mwaka 1896 na ambaye bado alikuwa mtoto mdogo. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza na Kiganda. Lakini kifungu kimoja kifupi mwishoni chaeleza kwamba penye shaka ya maana, matini ya Kiingereza ndiyo itakayozifunga pande zote mbili. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifungu kizito kuliko vyote. Mganda aliweza kuisoma hati kwa lugha yake, kisha akafungwa na lugha ya mwenziwe. Ethiopia ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa namna hiyo: Mkataba wa Wuchale wa 1889 ulisema jambo moja kwa Kiamhari na jingine kwa Kiitaliano, na ugomvi ule ukaishia vitani Adwa mwaka 1896.

Mtindo wa hati ni wa hesabu. Nchi nzima yakisiwa kuwa maili za mraba 19,600. Kabaka apewa 350. Mbogo, mkuu wa Waislamu, pamoja na wafuasi wake, 24. Machifu na wenye ardhi 1,000 wagawiwa 8,000, yaani 8 kwa kila mmoja. Tarakimu hizi zasomeka kwa utulivu mkubwa, kana kwamba mpimaji amekwisha kupita na kamba yake. Kumbe nchi ilikuwa haijapimwa, na hatimaye waliogawiwa wakazidi 3,000. Hapo ndipo ulipo ustadi wa hati, na hapo hapo ndipo ilipo kasoro yake: makisio yamevikwa joho la hakika. Kipimo chenyewe kikageuka jina la milki, na neno la Kiingereza la maili likaingia katika Kiganda kuwa mailo.

Na mkulima aliyekuwa akiilima ardhi hiyo? Katika mgawo ule hana fungu lake. Haki yake ilikuja kuandikwa baadaye, katika Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928, iliyoweka mpaka wa kodi na kumkinga asifukuzwe ovyo. Amri ya 1975 ikazifuta milki za mailo. Katiba ya 1995 ikazirudisha. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua mkaaji wa kibanja. Katika mabadiliko yote hayo, stakabadhi ndogo ya busuulu, wasia wa babu, au barua ya mwenye ardhi iliyokunjwa sandukuni imeweza kuwa ushahidi wa familia nzima. Karatasi za Kagwa zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Karatasi za mwenye kibanja hulindwa na sanduku lake, na mvua ya bondeni haibagui.

Hapo, walimu wenzangu, tuna kazi. Mwaka 1875 Stanley alimwacha kwa Kabaka Mutesa kijana Dallington Muftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, awe msomaji na mwandishi wake. Kiswahili kilikuwa na nafasi katika baraza lile. Miaka 25 baadaye hakikuwamo katika Mkataba. Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Heshima hiyo itakuwa ya jina tu iwapo mwanafunzi wa Kisenyi ataweza kuchambua shairi, asiweze kumsomea mama yake hati ya kibanja.

Basi na tuitafsiri hati hii darasani, kifungu kwa kifungu. Maneno mailo, busuulu na kibanja tuyaache yalivyo, kwa kuwa yamebeba historia yake. Kisha kila mwanafunzi na aulizwe: ni nani anayesema hapa, ni nani anayefungwa, na ni nani ambaye hakutajwa? Mwenye kuzoea maswali hayo hatatia kidole chake kwenye wino kabla ya kuelewa.