Makumbusho ya Majimaji Songea: Uchambuzi wa Namna Mashujaa Wanavyoenziwa

Maonyesho yanayowaenzi wapiganaji wa mji mmoja hukabiliwa na tatizo kubwa la kitaalamu pale ambapo picha na maandishi ya wapiganaji hao ni haba, na sehemu kubwa ya kumbukumbu iliyobaki iliandikwa na waliowashinda. Makumbusho ya Majimaji yaliyoko Songea, mkoani Ruvuma, yamelitatua tatizo hilo kwa kuifanya ardhi yenyewe kuwa kioneshwa cha kwanza, kwa kuwa yamejengwa penye makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907.

Makaburi hayo yamepangwa kwa namna inayostahili kuchunguzwa. Kati ya mashujaa 67 wanaokumbukwa kila tarehe 27 Februari, wengi wamelala katika kaburi la halaiki, yaani kaburi moja walimozikwa watu wengi kwa pamoja, ilhali Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Nduna, kwa Wangoni, ni jemadari na msaidizi wa Nkosi, ambaye ndiye mtawala mkuu, na miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Nkosi Mputa Gama mwenyewe. Kwa hiyo mpangilio huo haufuati ngazi za cheo, bali unafuata sifa ya vita na kumbukumbu ya watu, ambayo ndiyo iliyoufanya mji ubebe jina la nduna.

Mbinu ya pili ni sanamu za viongozi, ambazo humpa mgeni sura ya kuitazama na jina la kulitamka, hivyo kuwatoa marehemu katika hesabu ya jumla. Mbinu ya tatu ni silaha za jadi. Mkuki mfupi wa kuchomea na ngao ya ngozi ni urithi wa vita ambao Wangoni walikuja nao kutoka kusini mwa Afrika, baada ya kuvuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Anayeikagua ngao hiyo kwa karibu huona kwamba ilitengenezwa kuzuia mkuki wa adui aliye hatua chache mbele, wala si risasi za bombomu, yaani bunduki ya rashasha, na hapo huelewa uzito wa imani katika maji, dawa iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji.

Hata hivyo, sanamu na silaha huwaeleza zaidi waliopigana, ilhali vita hivi viliua wengi zaidi kwa njaa, kwa kuwa utawala wa Gavana von Götzen uliruhusu mashamba na maghala ya chakula kuchomwa moto ili wananchi wasalimu amri. Makadirio mengine yanafikisha vifo vyote vya vita hivi 300,000, wakiwamo wanawake na watoto. Njia bora ya kuonyesha maafa hayo ni masimulizi, na hazina ipo, kwani mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyakusanya kwa wazee katika maeneo yaliyokumbwa na vita.

Lipo pia pengo ambalo mpangilio wowote hauwezi kuliziba. Inaelezwa kwamba kichwa cha Nduna Songea kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 aliomba msamaha na kuahidi ushirikiano katika kukitafuta. Makumbusho haya yamefanikiwa kwa sababu yamewaheshimu mashujaa mahali pale pale walipolala. Kinachobaki ni Ujerumani kutimiza ahadi hiyo, na wahifadhi kuyapa masimulizi ya wazee nafasi sawa na silaha, ili waliokufa kwa njaa nao wahesabiwe miongoni mwa wanaoenziwa.