Tanuru si Muujiza: Kuhusu Neno "Fumbo" katika Habari za Chuma cha Kale

Neno fumbo katika Kiswahili lina mwenyewe. Kuna aliyefumba, kuna anayefumbiwa, na kuna mwerevu anayeligangua. Ndiyo maana sikubaliani na waandishi wanaotuambia kwamba teknolojia za kale, kuanzia piramidi za Misri hadi matanuru ya chuma ya hapa kwetu, ni "mafumbo yanayowashangaza wataalamu". Wanachokusudia ni muujiza. Fumbo ni utanzu wa fasihi, tena tunaufundishwa mwaka wa kwanza. Makala haya yanadai kwamba ufuaji chuma wa kusini-magharibi ya Tanzania ulikuwa na mafumbo kweli, ila yalikuwa ya lugha, nasi watu wa fasihi simulizi tumewaachia wanaakiolojia wahangaike nayo peke yao.

Kwetu Hasamba mgeni akija tunampeleka kwenye Kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma lililodondoka kutoka angani, takriban asilimia 90 chuma tupu, na nikeli kidogo. Linastaajabisha, sikatai. Lakini hakuna binadamu aliyelitengeneza! Chuma kilichotengenezwa na babu zetu Wanyiha na jirani zao Wafipa hatumwonyeshi mgeni.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Tanuru la Kifipa, ilungu (wingi malungu), lilijengwa kwa udongo hadi kufikia kama mita 3. Halikutumia mivukuto. Hewa ya moto ilipanda juu ndani ya kile kimo kirefu, ikavuta hewa mpya kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, na moto ukawaka kwa siku kadhaa bila mtu kuvukuta. Kilichotoka kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, hivyo kikapelekwa kwenye tanuru dogo, na hapo sasa mivukuto ikatumika kukisafisha. Mwanafunzi wa fizikia atakueleza jambo hili kwa dakika tano. Muujiza uko wapi?

Tazama pia jinsi habari za Wahaya zilivyosimuliwa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa Buhaya, kiasi cha miaka 1500 hadi 2000 iliyopita, waliingiza mirija ndani kabisa ya tanuru ili hewa ipate joto kabla ya kukutana na makaa. Habari ikavuma: eti Waafrika walitengeneza chuma cha pua kabla ya Ulaya! Baadaye J. E. Rehder (1986) akapinga hoja ya hewa kupashwa joto, na David Killick (1996) akahoji dai zima la "kutangulia". Mabishano hayo ni ya kitaalamu na yaendelee. Mimi nakosoa usimulizi. Ni ngano yenye shujaa, mashindano na zawadi, na mwamuzi wa mashindano ni Ulaya. Tukishinda tumeshinda kwa kipimo chake. Tukishindwa tunarudishwa kwenye "uchawi".

Katika habari hiyohiyo kuna jambo lililopitwa haraka mno. Wazee Wahaya waliombwa walijenge tanuru upya, na walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miaka 50 hivi, kwa kuwa majembe ya madukani yaliua kazi yao. Walilijenga kwa kumbukumbu. Hapakuwa na kitabu. Sasa jamani, maarifa yanayokaa kichwani mwa mtu nusu karne bila karatasi tunayaitaje, kama si fasihi simulizi?

Turudi Ufipa, maana ndiko istiara ilikokomaa. Tanuru jipya lilipambwa na kuchukuliwa kama bibi harusi. Likishawashwa na kutoa chuma, likawa mama. Wafua chuma walijizuia kukutana na wake zao siku zote za kazi, na fundi mkuu alikuwa na dawa zake. Wapo wanaoita haya yote ushirikina uliobandikwa juu ya ufundi. Mimi naona istiara hii ina mpangilio wa kazi ndani yake: kujenga, kupamba, kuwasha, kusubiri, kupokea. Kijana akijifunza harusi na uzazi wa tanuru, amejifunza mfuatano. Na yule asiyestahili, akisikia habari za bibi harusi, hajaambiwa kitu. Hilo ndilo fumbo kwa maana yetu. Sisemi kwamba istiara iliongeza joto hata nyuzi moja; chuma kiliyeyushwa na makaa na hewa.

Ila tusiipambe istiara nayo. Eugenia Herbert, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu chuma, jinsia na mamlaka Afrika, alionyesha jinsi wafua chuma wa sehemu nyingi walivyochukua sura ya uzazi huku wakiwaweka wanawake mbali na tanuru. Ndivyo inavyosomeka hata kwa ilungu. Mwanamke anatukuzwa kama picha, halafu anafukuzwa kama mtu! Maelezo yote niliyosoma mimi kuhusu harusi hii yamesimuliwa upande wa bwana harusi. Anayekusanya fasihi simulizi huko Ufipa au kwetu Unyiha aanze na bibi waliobaki: mama zao, walipozuiwa kukaribia tanuru, waliliitaje wenyewe walipokuwa jikoni?