Ubao wa Gilbert Strang

Walimu wengi wa kalkulasi huanzia kwenye kikomo. Mwanafunzi huandika epsiloni na delta daftari zima kabla hajajua anatafuta nini. Gilbert Strang, aliyefundisha hisabati katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, tangu mwaka 1962, alipitia mlango mwingine: dashibodi ya gari. Pale pana vipimo viwili. Kimoja huonyesha kasi ya sasa hivi, kingine umbali ambao gari limekwenda. Ukijua kasi ya kila wakati, utaupataje umbali? Na ukijua umbali, utaipataje kasi? Kwa Strang, kalkulasi nzima imo katika maswali hayo mawili.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoihusudu zaidi. Katika kitabu chake *Calculus* cha mwaka 1991, mwanzoni tu, kuna sehemu isiyogusa vikomo kabisa. Anashika namba za kawaida. Tuseme gari lilikuwa kwenye umbali wa 0, kisha 3, 7, 8, 5, na mwisho 11. Tafuta tofauti kati ya kila namba na iliyoitangulia: 3, 4, 1, −3, 6. Ile −3 ni pale gari liliporudi nyuma. Sasa jumlisha tofauti zote. Unapata 11, umbali ule ule wa mwisho. Mtoto wa darasa la saba aweza kuyafanya haya kwa penseli, naye atakuwa amekwishaigusa nadharia kuu ya kalkulasi: kujumlisha hurudisha kilichotolewa. Kikomo kikija baadaye, kinakuta kazi inakisubiri, maana vipindi vya muda vinatakiwa kuwa vifupi mno.

Haya hayakutoka kwa mtu aliyekosa makubwa ya kufanya. Strang alisoma MIT, Oxford na UCLA, akatoa mchango mzito katika uchambuzi wa kinamba, na wengi wanamjua kwa aljebra mstari. Hata hivyo alisimama ubaoni na chaki, akiuliza polepole, akimwachia msikilizaji nafasi ya kutangulia jibu. Alitoa mhadhara wake wa mwisho Mei 2023.

Kitabu chake hicho kinapatikana bure kwenye tovuti ya masomo huria ya MIT. Mwalimu wa kidato cha tano, kabla hujaandika fomula ya kwanza ubaoni, wape wanafunzi wako namba sita na penseli.